Kayongo: Gugu Linalonyonya Mahindi Busia na Tororo

Leo tunakwenda mpakani, Busia na Tororo.

Umewahi kuona mahindi yamedumaa na kuwa manjano ingawa mvua imenyesha, halafu chini yake yamechanua maua mazuri ya waridi? Usiyasifu. Huyo ni kayongo, kama Wajaluo wanavyomwita. Tanzania wanasema kiduha. Jina la kitaalamu ni Striga, neno la Kilatini lenye maana ya mchawi.

Gugu hili ni la Afrika. Lilinyonya mtama na wimbi karne nyingi kabla mahindi hayajafika kutoka Amerika. Mtama ulikuwa umemzoea adui huyu. Mahindi yalikuwa mgeni asiye na kinga. Mashamba yalipogawanywa kwa watoto na wajukuu, watu waliacha kupumzisha ardhi, wakapanda mahindi msimu baada ya msimu. Udongo ukachoka, na kayongo hupenda udongo uliochoka.

Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda kwenda upande wa Kenya ya leo. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili. Mbegu za kayongo, ndogo kama vumbi, hazikusimama mpakani. Husafiri na nafaka, na hata na jembe lenye udongo.

Kwa nini kupalilia tu hakutoshi? Kwa sababu kayongo hushika mizizi ya mahindi chini ya ardhi, na unapomwona ameshakula. Mmea mmoja hutoa maelfu mengi ya mbegu, nazo hulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja harufu ya mzizi.

Mwaka 1966 wanasayansi wa Marekani walitambua, katika mizizi ya pamba, kemikali inayoziamsha. Miaka ya 1990, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, Zeyaur Khan na wenzake wa ICIPE walikuwa wakipambana na viwavi wanaotoboa mabua. Walipanda desmodiamu katikati ya mahindi, wakashangaa kuona kayongo amepungua. Mizizi ya desmodiamu huiamsha mbegu, kisha huizuia isishike mahindi. Njia hiyo ilifika Busia na Tororo. Mwaka 2005 Kenya ilipata mbegu ya mahindi yenye dawa, iitwayo Ua Kayongo. Ukiipanda, nawa mikono kabla ya kugusa mbegu nyingine.

Sasa wewe mwenye kipande kidogo hapa kambini: ng'oa kayongo kabla hajachanua, umchome. Usimtupe njiani. Badilisha mahindi kwa soya au karanga. Weka samadi. Mwambie na jirani, maana shamba lake likichanua leo, lako litalia kwa miaka 10.