Jina la Kweli Katika Sinema ya Uongo

Huko Bugeshi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, mashamba yamepanda hadi chini ya mlima Karisimbi, wenye kimo cha mita 4,507. Juu ya mashamba ni msitu, na msituni mna mnyama ambaye Wanyarwanda humwita ingagi, yaani gorila. Ni neno la kila siku, wala halina kitisho. Lakini mwaka 1930, sinema za sauti zilipokuwa bado changa, neno hilo lilibandikwa kutani katika miji ya Marekani ili kuwavuta watu kwa hofu.

Sinema yenyewe iliitwa Ingagi, kazi ya kampuni iliyojiita Congo Pictures. Ilinadiwa kuwa ni kumbukumbu halisi ya safari ya Sir Hubert Winstead, muungwana wa London, aliyedaiwa kufika Kongo ya Wabelgiji na kukuta wanawake wakitolewa kwa gorila. Mabango yalionyesha gorila amemkamata mwanamke aliye nusu uchi. Watu walifurika San Francisco, kisha kwingineko.

Sir Hubert huyo hakuwapo duniani. Gorila alikuwa Charles Gemora, mwigizaji mzaliwa wa Ufilipino, ndani ya vazi la manyoya. Mbilikimo walikuwa watoto wa Los Angeles. Na picha nyingi zilichotwa katika sinema ya msafara wa Lady Mackenzie, ya mwaka 1915. Hata kobe alibandikwa mabawa na magamba, akaitwa mnyama wa sumu!

Mtazamaji alifundishwa kumwogopa mnyama. Kwa maoni yangu, katili wa kisa hiki ni yule muungwana wa kubuni. Chini ya jina lake la heshima, wanawake wa Afrika walivuliwa utu mbele ya umati uliolipa kiingilio. Na sauti ilikuwa sehemu ya hila: picha bubu humwachia mtu nafasi ya kushuku, bali msimulizi huiziba.

Wakati huo ukweli ulikwisha kujulikana. Carl Akeley, aliyewawinda gorila wa milima hiyo mwaka 1921 kisha akawatetea, aliandika kwamba si wakali wasipochokozwa. Alifariki mwaka 1926 mlimani Mikeno, ng'ambo ya Karisimbi, akazikwa papo hapo.

Mwaka 1933 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliamuru sinema hiyo isitangazwe tena kuwa ni ya kweli. Kwenye mabango yale, neno ingagi lilikuwa karibu kitu pekee kisichobuniwa.