Ubingwa wa Dunia wa Rali 1973

Ubingwa wa Dunia wa Rali 1973 ulikuwa msimu wa kwanza wa mashindano hayo ya magari. Ulikuwa na mbio 13, kuanzia Monte Carlo mwezi Januari hadi kisiwa cha Korsika mwezi Desemba. Mbio mbili zilifanyika Afrika: moja Moroko na nyingine Afrika Mashariki.

Taji lilikuwa la kampuni za magari tu. Madereva walianza kupewa taji lao mwaka 1979. Katika kila mbio, gari la kwanza la kampuni lilihesabiwa, na mshindi alipata pointi 20. Bingwa alikuwa Alpine-Renault ya Ufaransa, ikifuatiwa na Fiat ya Italia.

Mbio za Afrika Mashariki

Mbio za nne zilikuwa East African Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 na baadaye kuitwa Safari Rally. Dereva aliyechelewa kufika kituo cha ukaguzi aliongezewa pointi za adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda.

Mwaka huo Shekhar Mehta na Harry Källström wa Uswidi, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawa. Ushindi alipewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, akahamia Kenya mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia. Alishinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982.