Barakoa ya Fedha na Mumiani wa Guanajuato

Mwaka 1933 Salvador Lutteroth alianzisha kampuni ya mieleka jijini Mexico. Miongoni mwa waliopanda ulingoni alikuwamo Rodolfo Guzmán Huerta, mzaliwa wa Tulancingo. Mwaka 1942 alivaa barakoa ya rangi ya fedha akajiita El Santo, yaani Mtakatifu, na tangu hapo uso wake ukawa siri.

Kutoka ulingoni aliingia kwenye filamu. Mbili za mwanzo zilipigwa Cuba mwaka 1958, na zimwi hakuwamo. Mazimwi walifuata upesi: kwanza mazombi, kisha mwaka 1962 wanawake wanyonya damu. Katika filamu ya wanawake hao Santo anapigana ulingoni mbele ya watazamaji, mpinzani anavuliwa barakoa, na chini yake kuna uso wa mbwa mwitu! Anageuka popo, anaruka zake. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha kazi yote hii.

Fedha za kutengenezea zilikuwa haba. Mwaka 1970, Santo na mwanamieleka mwenzake Blue Demon walipokabili kundi zima la mazimwi, Frankenstein wao alikuwa na ndevu, na jini la jicho moja lilivalishwa vazi lililokwisha kutumika katika filamu nyingine.

Mji wa Guanajuato huko Mexico, hata hivyo, haukuhitaji kubuni maiti. Familia zilizoshindwa kulipa kodi ya kaburi zilifukuliwa wafu wao, na wa kwanza, daktari Remigio Leroy, alitolewa mwaka 1865 akiwa amekauka mzimamzima. Msomaji wa Pwani atatabasamu: mumiani, tunayemwogopa kwa kunyonya damu, jina lake ni ndugu wa neno mumia, jina la maiti hizo. Filamu juu ya mumia hao ilitoka mwaka 1972 ikajaza kumbi. Blue Demon na mwanamieleka Mil Máscaras wanahangaika na mumia tangu mwanzo. Santo anatokea mwishoni, anagawa bastola za moto, sifa anabeba yeye. Na Blue Demon ndiye aliyempokonya taji la dunia mwaka 1953!

Januari 1984, Santo alifunua sehemu ya uso wake kwenye televisheni. Tarehe 5 Februari akafariki, akazikwa na barakoa yake ya fedha. Blue Demon alifuata Desemba 2000, naye akashushwa kaburini na ya kwake, ya buluu.