Ujamaa upi ulishindwa? Habari ya Litowa

Ubishi wa ujamaa hapa bwenini hauishi. Ukilitaja tu neno lenyewe, mtu wa biashara anadakia: ulishindwa, watu wavivu, kila mtu alikuwa anamtegea mwenzake. Mimi huwa nauliza swali moja: ujamaa upi? Maana kuna ule ulioletwa kwa amri ukajifia, na kuna ule uliokuwa hai ukauawa. Leo nawasimulia huo wa pili.

Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League kule Songea, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kuanzisha kijiji. Jaribio la kwanza liliwashinda. Wakarudi tena, na Litowa ikasimama. Hakuna aliyewasomba kwa lori. Walilima pamoja, na kwenye mikutano yao wenyewe wakapanga nani afanye nini na mapato yaende wapi. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, alihamia huko na familia yake akawa mshauri. Nasema mshauri, sio bosi. Mwaka 1963 ikaundwa Ruvuma Development Association, RDA, kuunganisha vijiji vya namna hiyo, na kufikia mwisho wa miaka ya 60 vilikuwa kama 17. Walikuwa na mashine ya kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao, mali ya wanavijiji wenyewe.

Sisi wa ualimu tusikilize vizuri hapa. Litowa walikuwa na shule yao, mwalimu mkuu akiwa Suleman Toroka. Watoto walisoma huku wakishiriki kazi na mambo ya kijiji. Elimu ililenga wale wengi watakaoishi pale, sio yule mmoja atakayefaulu akaondoka zake. Nyerere alifika Litowa na akaipenda. Ukisoma Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, halafu Ujamaa Vijijini ya Septemba mwaka huohuo, harufu ya Litowa unaisikia kabisa. Sisi tunavikariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Sasa RDA ilikufaje? Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja. Mali zikachukuliwa, walimu wakahamishiwa mbali, akina Ibbott wakaondoka. Haikuwa njaa wala uvivu. Kijiji kinachojiamulia mambo yake hakimsubiri mkubwa wa mkoa aje kukiambia kilime nini, na kwa mkubwa huyo hiyo ni dharau, tena dharau ya hatari kwa sababu jirani naye anaweza kuiga.

Angalia kilichofuata. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikafutwa. Novemba 1973 kuishi vijijini ikawa amri. Mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine nyumba zao zikichomwa moto ili wasirudi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Kila hatua, maamuzi yanatoka chini yanapanda juu. Mwaka 1984 Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1872 kule The Hague, Mrusi Mikhail Bakunin alifukuzwa kwenye Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi baada ya ugomvi mrefu na Karl Marx. Alikuwa akionya kwamba ukimwondoa tajiri ukaweka dola mahali pake, utapata mabwana wapya wanaojiita watetezi wako. Siasa ya namna hii wengine wanaiita ujamaa huria: anayefanya kazi ndiye mwenye mali na ndiye mwamuzi, bila bosi wa kampuni wala bosi wa chama.

Mtasema vijiji 17 ni vichache, tena vilipata msaada kutoka nje. Kweli vyote viwili. Lakini vijiji vya amri navyo vilijengwa miaka ambayo nchi ilikuwa inamiminiwa misaada, na havikuzaa Litowa nyingine.

Kwa hiyo mkiniuliza siasa yangu, ndiyo hiyo. Na kwetu walimu watarajiwa sio nadharia ya kahawani. Elimu ya kujitegemea ilipofika mashuleni kama waraka, shamba la shule likawa adhabu ya wachelewaji, na mahindi akala nani, mnajua wenyewe. Shamba ni lilelile na jembe ni lilelile. Kilichokosekana ni mkutano wa wanaolima, wa kuamua walime nini na mavuno yaende wapi. Mwakani wengi wetu tutapangiwa shule zenye mashamba hayo. Mkutano huo hauhitaji kibali cha wizara.

Mtu wa biashara, uwanja ni wako. Lete hoja, ila kwanza uniambie ni ujamaa upi.