Mwezi mbona hauanguki? Jibu: unaanguka kila sekunde

Juzi umeme umekatika, tumekaa nje, Mwezi umejaa, mdogo wangu wa darasa la sita kaniuliza: "Kaka, embe likikatika linaanguka. Sasa ule mbona hauanguki?" Nikamjibu fasta kwamba huko juu hakuna mvutano. Nilipokuja kusoma vizuri nikakuta nimempa jibu la uongo. Sahihisho langu hili hapa, maana nahisi wengi tulikariri hivyo hivyo.

Mvutano wa Dunia hauishii mawinguni. Unapungua tu kadiri unavyokwenda mbali. Kutoka katikati ya Dunia hadi hapa tulipo ni kama kilomita 6,400. Hadi Mwezini ni wastani wa kilomita 384,400, yaani mara 60. Umbali ukiwa mara 60, mvutano unagawanywa kwa 60 mara 60, ambayo ni 3,600. Embe likidondoka, sekunde ya kwanza linashuka mita 4.9. Gawa kwa 3,600 unapata milimita 1.4 hivi. Ndivyo Mwezi unavyoanguka kuja kwetu kila sekunde! Hesabu ya namna hii aliipiga Isaac Newton, na imo kwenye kitabu chake cha mwaka 1687.

Sasa mbona haufiki? Kwa sababu sekunde hiyo hiyo unakimbia pembeni kama kilomita 1. Ungeenda moja kwa moja, ndani ya kilomita hiyo ungekuwa umetuacha kwa milimita 1.4. Mvutano nao unaurudisha kwa kiasi kile kile. Basi unazunguka, na duara moja linachukua siku 27 na ushee.

Chukua jiwe, lifunge kamba, lizungushe. Kamba ndiyo mvutano. Ukiiachia, jiwe linakwenda zake moja kwa moja. Upande wa pili, Mwezi ungesimama ghafla, ungetufikia ndani ya siku 5 hivi. Jamani, hapo hakuna wa kusimulia.

Na hauhitaji mafuta wala injini, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuupunguza mwendo. Tena unajitenga nasi kama sentimita 3.8 kwa mwaka, kutokana na kule kujaa na kupwa kwa bahari unakokusababisha wenyewe. Wanapima kwa miali ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa kule, vya kwanza vikiwa vya Apollo 11, mwaka 1969.

Jana nikamweleza dogo yote haya. Kasikiliza weee, halafu: "Sasa nani aliusukuma mwanzoni?" Wanasayansi wengi wanaona Mwezi ulitokana na vipande vilivyoruka pale gimba kubwa lilipoigonga Dunia changa, miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita. Vilianza safari vikiwa tayari mwendoni.

Safari hii sikujibu fasta. Mwenye swali gumu zaidi ya la dogo, alimwage hapo chini kwenye maoni.