Ngazi ya ubabe: nani mkubwa kwenye kiota cha nyigu

Majike wawili wa nyigu wanakutana juu ya sega. Mmoja anajikunyata, anashusha kichwa na vipapasio mpaka karibu viguse karatasi ya kiota, kisha anatulia tuli. Mwenzake anampanda, anampigapiga kichwani kwa vipapasio, pengine anamng'ata. Yule wa chini anatapika tone la chakula, wa juu analipokea. Wanaachana, kila mmoja na shughuli zake.

Leo Pardi, mwanabiolojia wa Italia, aliyachunguza mambo haya kwa makini katika miaka ya 1940. Nyigu wake walikuwa wa karatasi, jamii ya Polistes: wale wanaokwangua nyuzi za mbao kavu, wakazitafuna na mate, wakatengeneza sega lililo wazi, linaloning'inia kwa kikonyo kimoja. Pardi aligundua kwamba anayeinama hainamii yeyote tu. Wa kwanza humkandamiza wa pili, wa pili humkandamiza wa tatu, na kuendelea hadi wa mwisho. Mpangilio wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kuelezwa kwa kuku, ambao hudonoana kwa kufuata ukubwa, lakini kwa mdudu ulikuwa jambo jipya.

Istilahi yake kwa Kiswahili inafaa iwe ngazi ya ubabe. Wapo watakaopenda "utawala", ila neno hilo lina harufu ya ofisi na sheria. Kiotani hakuna cheo cha kukabidhiwa. Kuna jike anayewazidi wenzake nguvu, na siku akizidiwa yeye, nafasi imekwenda. Huo ndio ubabe.

Kwa sababu hiyohiyo, "malkia" linahitaji tahadhari. Tumelizoea kutoka kwa nyuki, ambao malkia wao hulishwa tofauti tangu akiwa jana na hukua na umbo lake mwenyewe. Kwa Polistes dominula, nyigu wa Ulaya mwenye vipapasio vya rangi ya chungwa, majike wanaoanzisha kiota wakati wa machipuko wanafanana kwa umbo, na kila mmoja ana uwezo wa kutaga. Ubabe ndio unaowatenganisha. Aliye juu hubaki kiotani, hutaga mayai mengi, na mayai ya wenzake huyala. Walio chini huenda kuwinda viwavi, huwatafuna na kuwalisha majana ambao wengi si wao. Pardi aliona pia kwamba ovari za walio chini husinyaa.

Kwa nini basi wasiondoke wakajenge vyao? Jibu la haraka lilikuwa undugu: anayemlea mtoto wa dada yake analea damu yake. Lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa takriban asilimia 35 ya wasaidizi hao hawana undugu wa karibu na jike wanayemtumikia.

Mwaka 2011, Ellouise Leadbeater na wenzake walitoa maelezo yenye uzito zaidi, kutokana na viota walivyovifuatilia Hispania. Jike mkuu akifa, kiota hurithiwa na mmoja wa waliokuwa chini yake. Kwa urithi huo, wasaidizi kwa wastani walipata watoto wao wenyewe wengi kuliko majike waliojenga peke yao. Hapo neno "ngazi" linapata haki yake: aliyesimama kipago cha pili yuko karibu zaidi na urithi kuliko aliye cha tano, na ndiyo maana kila kipago hugombewa.