Mfupa wa Ishango na salongo ambayo hatujaifanya

Aprili 2025 Hifadhi ya Virunga ilitimiza miaka 100, miezi karibu mitatu baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma. Wengi wetu, mimi nikiwamo, tulitaja ngagi, volkano ya Nyiragongo na walinzi waliouawa kazini. Kumbukumbu nyingine ya mwaka huohuo ilipita bila hata ngoma kupigwa. Ilitimia miaka 75 tangu Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt achimbe Ishango, ndani ya hifadhi hiyohiyo, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Aliondoka na mfupa mdogo wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha jiwe la kwatzi kwenye ncha moja na mikato iliyochanjwa katika safu 3.

Huwa tunaanzia hapo, mwaka 1950, na tunakosea. Mwaka 1935 Hubert Damas alikuja kuchunguza maji ya ziwa na viumbe wake. Hakuwa mtaalamu wa mambo ya kale, lakini aliokota mifupa na vichwa vya vyusa pale Ishango. Jambo hili nalipenda kuliko yote yaliyofuata, maana mambo yalianza na mtu aliyekuwa na kazi nyingine kabisa, akaangalia chini.

Mwaka 1962 de Heinzelin aliandika makala katika jarida la Scientific American, na ugomvi ukaanza. Alihesabu mikato. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9, yaani 10 na 20, kila moja ikiongezwa 1 na kupunguzwa 1. Kila moja ya safu hizi mbili inafika 60. Safu ya kati ina 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, kisha 5 na 7. Yeye akaona mchezo wa hesabu, wa watu waliojua kuzidisha kwa 2, na akaamini kwamba ujuzi huo ulifuata Nile kwenda kaskazini hadi Misri.

Mmarekani Alexander Marshack akauangalia mfupa kwa hadubini na kuona kitu kingine: mtu akifuatisha mwezi usiku baada ya usiku kwa miezi kama sita. Wengine wakazicheka pande zote mbili. Utazijuaje namba tasa kabla hujajua kugawanya? Labda mikato ni ya kuzuia mkono usiteleze, basi.

Juzi niliichora mikato hiyo kwa chaki kwenye ukuta wetu wa mawe meusi ya lava. Mtoto wa jirani akahesabu safu ya kati kwa kidole, akasimama mwishoni. “Hii 5 na 7 inafuata nini?” Haifuati chochote. Kuzidisha kwa 2 kunaishia pale, na mtoto wa miaka kumi alipagundua kabla sijamaliza maelezo yangu.

Umri nao ulibadilika. De Heinzelin alikadiria karibu nusu ya ule unaokubaliwa leo, wa zaidi ya miaka 20,000. Katika miaka ya 1980 wanaakiolojia Alison Brooks na John Yellen walifanya kazi bonde hilohilo la Semliki, na pale Katanda wakapata vyusa vya mifupa walivyovikadiria, katika taarifa yao ya 1995, kuwa na miaka kama 90,000. Baada ya hapo zikaja vita, na sina mengi ya kusimulia.

Mfupa uko Brussels, katika taasisi ya kifalme ya sayansi asilia. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2022 imefungua njia ya kurudisha mali za enzi za ukoloni, na wanaodai urudi nawaunga mkono. Lakini hapa kwetu tumefanya nini? Ukimtembeza mgeni Goma unampeleka kwenye sanamu ya dhahabu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao, kisha kwenye lava ya 2002 iliyolimeza kanisa kuu na sehemu ya uwanja wa ndege. Matembezi mazuri, ila yanarudi nyuma miaka 20 na kidogo tu. Salongo, kazi ya pamoja ya jamii, tunaijua, ya kushika fagio na koleo. Salongo ya kutembea polepole kwenye kingo na mashamba, kuandika kilipoonekana kitu na kukiacha mahali pake, hiyo bado. Haihitaji digrii, na Damas ni shahidi.

Kuna pia mfupa wa pili wa Ishango. Ulipatikana 1959, una mikato 90, na de Heinzelin alikaa nao kimya hadi karibu na kifo chake mwaka 1998. Umma ulijulishwa 2007.

Vile vyusa vya Katanda vilikutwa pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Kambare wa Ziwa Edward bado anafika soko la Virunga hapa Goma, mkavu, mweusi kwa moshi, siku ambazo barabara inapitika.